Rivyu: vitu nilivyotumia kujiandaa na ABSN (unesi wa haraka), kipi kina thamani ya hela na kipi ni upigaji

Wadau, naona wengi wanaiulizia hii ABSN, yani ile digrii ya unesi ya haraka kwa mtu ambae tayari ana digrii ya kitu kingine, kwahiyo nimeona niandike rivyu ya vitu nilivyotumia kujiandaa, vya kulipia na vya bure, maana huku Marekani hela haiokotwi na hii biashara ya kuwauzia watu "maandalizi" imekua kubwa mno. Mimi sekondari nilisoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu), chuo nikasoma uhasibu, nikakaa benki Dar, nikaja huku nikaanza na kubeba boksi kama wengi wetu, afu nikawa CNA (msaidizi wa nesi), na baada ya kugeuza wagonjwa usiku kucha kwa muda mrefu nikasema hapana, mgongo huu nauhitaji bado. Biolojia niliiacha kidato cha nne. Kama wewe ni mtu wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) basi kwenye sayansi usiogope kama nilivyoogopa mimi, una mtaji tayari.

Kwa ambao hawajui, program zenyewe huwa kati ya miezi 11 na 18, full time, hakuna likizo ya maana, na mwishoni unakaa NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya unesi, ile ile anayokaa aliesoma miaka minne. Hamna NCLEX ya watu wa haraka. Ukishaingia ndani hakuna mwalimu atakaekaa akueleze figo inafanyaje kazi, anaanza moja kwa moja na mgonjwa ambae figo zake zimekufa na dawa gani usimpe. Kwahiyo maandalizi sio mbwembwe, ila swali ni unayanunua wapi.

Nianze na TEAS, mtihani wa kuombea nafasi shule za unesi, maana ndo inayoliza watu. Shule nyingi zinataka TEAS, nyingine zinataka HESI A2, kwahiyo kabla hujanunua chochote angalia shule zako zinataka ipi. TEAS inaandaliwa na kampuni ya ATI na toleo la sasa ni la 7, limeanza 2022. Maswali 170, ila yanayohesabiwa ni 150, yale 20 mengine wanajaribishia tu na hujui ni yapi. Dakika 209. Kusoma na kuelewa maswali 45, hesabu 38, sayansi 50, Kiingereza 37.

Nilichonunua ni testi za majaribio za ATI wenyewe, na hapa natoa nyota 5 bila kusita. Sababu ni moja tu: anaetunga mtihani ndo anaetunga majaribio. Tuliopita NECTA wote tunajua tofauti ya past paper halisi na lile karatasi la mock la shule ya jirani, mock inaweza kua ngumu kuliko mtihani wenyewe lakini haina ile harufu. Kwenye za ATI unakutana na yale maswali ya chagua yote yaliyo sahihi, ya kupanga hatua kwa mpangilio, ya kubofya kwenye picha, ya kujaza namba, na yale ndo yanayoleta kizunguzungu siku yenyewe kama hujawahi kuyaona. Afu ukimaliza inakupa ripoti mada kwa mada umekosa wapi, mimi iliniambia wazi kwamba kemia yangu ni ya kubahatisha, nikaacha kupoteza muda kwenye mambo ninayoyajua. Ushauri wangu nunua testi tu, yale mafurushi makubwa yenye mpango wa kusoma wa wiki kadhaa mi sikuona haja, sio mabaya, ila mtu aliesoma mpaka chuo anajua kujipangia.

Hesabu zake msiogope jamani. Mtu aliefanya hesabu za kidato cha nne bongo, bila kalkuleta, na majedwali ya logi, hii ataiona ni ya darasa la saba kidogo na kidato cha pili kidogo: asilimia, uwiano, sehemu, grafu, equation za x moja, na kalkuleta ipo kwenye skrini. Shida ni vipimo vyao. Paundi, aunsi, inchi, futi, galoni. Sisi tumekulia kwenye kilo na lita, kwahiyo kariri kama wimbo kwamba kilo 1 ni paundi 2.2 na inchi 1 ni sentimita 2.54, na usidhani ukishafaulu TEAS umeachana nazo, mgonjwa huku anapimwa kwa paundi na dawa inaandikwa kwa kilo, hiyo hesabu utaifanya mpaka unastaafu. Kiingereza ni maswali 37 kwa dakika 37, yani swali dakika, na kinachoumiza sio msamiati, ni koma. Mimi mhasibu, nimezoea koma za kwenye namba tu.

Sayansi ndo kwenye ngoma yenyewe. Katika maswali 44 ya sayansi yanayohesabiwa, 18 ni anatomia na fiziolojia (viungo vya mwili na kazi zake), biolojia 9, kemia 8, zilizobaki ni za kufikiri kisayansi. Angalia hizo namba vizuri maana zina siri: karibu nusu ya sayansi ni kitu ambacho utakisoma kwa lazima kwenye masomo ya sharti, yale unayotakiwa kuyamaliza kabla ya kuingia ABSN. Kwahiyo soma anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili KWANZA, ndo ukafanye TEAS wakati kichwa bado cha moto. Wauza kozi watakwambia anza na TEAS leo, kwa sababu wao wanauza TEAS.

Kuna kampuni moja sitaitaja jina, ina tangazo kila ukifungua simu, inauza uanachama wa mwezi kwa mwezi kwa ajili ya TEAS. Vidio zao ni nzuri, msichana anaeleza vizuri kweli, lakini maswali yao yana makosa ya wazi kwenye majibu (kuna mahali ini limepewa kazi ya kongosho, nikasema eeh) na kujitoa huwezi kwa kubofya, lazima uandike barua pepe usubiri, na wakati unasubiri kadi inakatwa mwezi mwingine. Nyota 2, zote za yule msichana.

Vya bure sasa, na hapa ndo nataka watu wanisikilize maana bure huwa tunaidharau. Kitabu cha anatomia na fiziolojia cha OpenStax, mradi wa chuo kikuu cha Rice pale Houston, kipo onlaini bure kabisa, sura 28, picha za rangi, maswali mwisho wa sura, unakishusha kwenye simu na unakisoma kwenye basi bila intaneti. Ni kitabu cha chuo kamili kabisa, wapo maprofesa wanaokifundishia. Mimi nilikua nasoma sura moja kabla ya darasa, hata nisipoelewa, ili mwalimu akitaja neno nisiwe nalisikia mara ya kwanza. Khan Academy, tovuti ya vidio za masomo za bure, nilitumia kwa takwimu na kemia, yule mwalimu wa hesabu anaongea taratibu na anarudia, kwa mtu aliekaa miaka bila kushika kemia inafaa sana. Zote mbili nyota 5.

Afu Anki. Hii ni apu ya kadi za maswali, unaandika swali mbele jibu nyuma, yenyewe inapanga likurudie lini, ukikosa linarudi haraka ukipata linakaa mbali. Kwenye kompyuta na Android ni bure, kwenye iPhone dola 24.99 unalipa mara moja. Sura yake mbaya sana, inaonekana kama programu ya ofisi ya serikali enzi zile, siku za kwanza utaichukia. Ila kwa kazi ya shifti hakuna kitu kama hiki, dakika 10 za mapumziko unapiga kadi 40, unarudi kazini. Na msinunue kadi zilizotengenezwa na watu wengine, kile kitendo cha kuandika kadi ndo kusoma kwenyewe. Nyingine niliandika kwa Kiswahili kabisa, nyongo inatengenezwa wapi inatunzwa wapi, jibu ini na mfuko wa nyongo, afu Kiingereza chake nikaweka nyuma. Kiingereza cha mtihani kinakuja chenyewe ukishaelewa kitu.

Sasa kitu bora kuliko vyote nilivyolipia: anatomia na fiziolojia na maikrobaiolojia kwenye komyuniti koleji (chuo cha umma cha bei nafuu) ya hapa mtaani kwetu, darasa la jioni, maabara ya ana kwa ana. Nyota 5 na ningekua na ya 6 ningeitoa. Bei ni ya kibinadamu ukilinganisha na vyuo vikubwa, krediti zinahamishika, na muhimu zaidi unashika vitu. Tulipasua moyo wa kondoo. Mimi nimekula supu ya kila kiungo cha mbuzi unachokijua, nimechinja kuku toka mdogo, nikadhani hilo kwangu litakua jambo dogo, kumbe kuushika moyo mkononi na kutafuta zile nyuzi nyembamba zinazoshikilia valvu, na mwalimu anakuuliza damu inayotoka hapa inaenda wapi, ni kitu kingine kabisa. Sijawahi kusahau tena upande wa kushoto ni mnene kwa nini, nimeupima kwa kidole. Wenzangu kwenye darasa walikua wanaziba pua, mi na dada mmoja wa Kongo tukawa ndo madaktari wa meza.

Mitihani ya maabara ile ina vituo, kila kituo kuna mfupa au kiungo kimechomekwa pini, una dakika moja hivi, kengele inalia unahamia kingine, hakuna kurudi. Unaonyeshwa mfupa wa mkono, na haitoshi kusema ni radius, useme wa kulia au wa kushoto. Wahasibu tunajidai tunajua presha ya kufunga mahesabu ya mwisho wa mwezi, hii inakaribia. Lakini mtu aliepita hapo akifika kliniki haogopi kuulizwa ghafla.

Ubaya wake upo. Nafasi zinaisha haraka sana, dirisha la usajili likifunguliwa asubuhi, ikifika mchana maabara za jioni zimejaa, kwahiyo jua tarehe yako ya kusajili na uombe ruhusa kazini siku hiyo. Na ratiba ni ya semista, huwezi kukimbia. Ndo maana watu wanakimbilia zile kampuni za onlaini zinazokwambia maliza kwa spidi yako, wiki sita somo limeisha. Zinafaa kwa baadhi ya watu, sikatai, ila kuna rafiki yangu tunafanya nae shifti alisoma maikrobaiolojia huko, maabara yake ilikua boksi linalotumwa nyumbani kwa posta, anaotesha bakteria jikoni pembeni ya mchele, alama akapata A safi, afu shule aliyoitaka ikamwambia maabara ya nyumbani hatupokei. Shule nyingine wangeipokea. Kila shule ina sheria zake, na zingine hazitaki somo la sayansi lililozidi miaka 5, zingine 7, zingine 10. Kwahiyo kabla hujalipa mtu yeyote andika barua pepe kwa shule, uliza kwa jina la somo na namba yake, na jibu ulitunze. Maneno ya simu hayahesabiki.

Darasa la Zoom la "mtaalamu" wetu wa kwenye grupu la WhatsApp, nalo nilijiunga, halina jina hapa maana tutakutana msibani. Unatuma hela kwa Zelle (njia ya kutumiana hela kibenki huku), unapewa linki, unapewa desa la PDF. Desa lenyewe ni picha za skrini za kitabu cha mtu mwingine, kurasa zingine zimekaa upande. Darasa linapangwa saa mbili usiku, linaanza saa tatu, nusu saa ya kwanza ni salamu na habari za Yanga na Simba. Kwa elimu natoa nyota 1. Ila nitasema ukweli, lile grupu lenyewe, bila mtaalamu, ni dhahabu. Pale nilijua shule gani inapokea transkripti za bongo bila kusumbua, nani anauza vitabu vyake, nani anaweza kukushikia mtoto Jumamosi ukafanye mtihani. Hiyo haiuzwi na kampuni yoyote.

Transkripti. Digrii ya nyumbani lazima itathminiwe, mimi nilitumia kampuni ya WES, wengine wanatumia ECE, zote ni wanachama wa NACES, umoja wa kampuni za kutathmini vyeti vya nje, na shule nyingi zinazikubali. Chukua ile ya somo kwa somo, ile ya jumla inasema tu kwamba una digrii, na shule za unesi zinataka kuona kila somo na GPA. WES nyota 4, mtandao wao unaonyesha kila hatua ilipofika na hilo linatuliza roho. Kumbukeni pia GPA zetu vyuo vingi Tanzania ni za 5 na za huku ni za 4, kwahiyo ile 3.8 yako unayojivunia subiri kwanza ipite kwenye mashine yao, wanabadilisha somo kwa somo na inaweza kukupandisha au kukushusha.

Kazi kubwa ni kwa chuo cha nyumbani kuituma transkripti moja kwa moja. Barua pepe hazijibiwi, simu inaita mpaka inakata. Dawa ni mtu wa kwenda kwa miguu. Mdogo wangu ndo alikua anaenda, anafika dirishani, "shikamoo mama, nimekuja kufuatilia transkripti ya dada yangu yuko Marekani", "marahaba mwanangu, alieshika faili hayupo leo, njoo Jumatatu", na Jumatatu ikifika mtandao hamna. Ilitoka, ila anza hili mapema kabla hata hujaanza somo la kwanza. Na mtume nauli mdogo wako, usimtume tu kama vile daladala ni bure.

Jambo la afya nalisema haraka lakini ni la muhimu kwetu sisi. Shule zitataka kipimo cha TB. Wengi wetu tulichomwa BCG, chanjo ya TB, tukiwa wachanga, lile kovu la begani, na kile kipimo cha kuchoma sindano kwenye ngozi ya mkono kinaweza kuvimba kwa sababu ya hiyo BCG ukaonekana una maambukizi wakati huna. Omba cha damu, CDC (taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa) wenyewe wanashauri cha damu kwa mtu aliepata BCG. Anza pia Hepatitis B kama hujamaliza dozi maana ni ya miezi, huwezi kuikimbiza wiki ya mwisho, na kadi ya chanjo ya utotoni kama mama bado ameitunza kabatini ni bahati yako.

Washauri wa udahili wa shule binafsi. Ukijaza fomu moja tu ya "pata taarifa", simu haipumziki. Wana adabu, wanajua jina lako, wanakwambia nafasi zimebaki chache. Mshauri yule ni muuzaji, muulize maswali ya mteja: je mmeidhinishwa na CCNE au ACEN (vyombo vinavyokagua ubora wa shule za unesi), na asilimia ngapi ya wahitimu wenu wanafaulu NCLEX mara ya kwanza. La pili usisubiri jibu lake, bodi ya unesi ya jimbo lako inazitangaza, zipo wazi. Mmoja nilimuuliza akaanza kunielezea maegesho ya magari. Na akitokea mtu wa kukwambia kuna njia ya kupata cheti bila klinikali, yani mafunzo ya vitendo kwa wagonjwa, kimbia. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kesi ya shule tatu za Florida zilizouza vyeti feki vya unesi zaidi ya 7,600, operesheni waliiita Nightingale, na walionunua nao wakafuatwa kwenye leseni zao mpaka majimbo mengine.

Hela ya ada sasa, hapa watu wanashtuka. Pell Grant, ile ruzuku ya serikali isiyorudishwa, huipati kama tayari una digrii, hata kama digrii ni ya nje, mshauri akikwambia "tutaangalia" anakupotezea muda. Kinachobaki ni mikopo ya serikali kama una hadhi inayoruhusu, na kwa mtu anaejitegemea wa kiwango hiki ni hadi dola 12,500 kwa mwaka, ambayo kwa program nyingi haitoshi hata kidogo. Sio bumu la bongo hili, hili linarudishwa na riba. Kabla ya mikopo ya binafsi muulize mwajiri wako, sheria ya kodi inamruhusu kukulipia masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi, na hospitali nyingi zina mpango huo hata kwa CNA. Mimi nilihama kutoka nyumba ya wazee kwenda hospitali kwa sababu hiyo tu, malipo ya saa yalipungua senti kidogo, nikapiga hesabu, nikaona bado nimepata.

Mwisho stethoskopu, maana naona watu wanaposti Littmann (chapa ya stethoskopu) zimechongwa majina hata maombi hawajatuma. Ni nzuri, ninayo, nasikia vizuri, nyota 4 kwa sababu ya bei. Lakini subiri barua ya kukubaliwa. Shule yangu iliijumlisha kwenye begi la vifaa, ipo ndani ya ada, huwezi kukataa, na wenzangu walionunua kabla sasa wana mbili mbili na moja wanaiuza kwenye grupu kwa bei ya kutupa. Ukitaka ya bei nafuu mtafute mmoja wao.